Ukuti Wenye Fundo Moja

Alipofika shimo la kumi na saba, Keltum alijua kwamba hajawahi kufika mbali namna hii. Nyuma yake mitende ya Tinuwalu ilikuwa imebaki mstari mweusi tu. Mbele yake hapakuwa na kitu ila uwanda mwekundu wa changarawe na vilima vidogo vya udongo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikizunguka mdomo wa shimo ambalo mababu walilichimba kuufikia mfereji unaopita chini kwa chini. Wasichana hawakuwa na shughuli huku. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, ukanda wa ndara yake moja umekatika, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Akasukuma jiwe la mfuniko, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa shimoni.

"Bajuda."

Jina likashuka, likagonga maji, likamrudia likiwa nene kama la mtu mwingine.

"We Bajuda, nitakuchuna ngozi leo. Toka."

Kisha akasikia miguu. Ilikuwa miguu midogo ndani ya maji, chwa, chwa, chwa, inapita chini yake na kuendelea kwenda juu, kule maji yanakotoka.

Hakuwa na mwanamume wa kumwita. Ilikuwa siku ya saba ya Maulidi, na wanaume wote wa kijiji wenye miguu walikuwa wamekwenda Timimun na bendera zao, wakabaki wazee wawili wa kubebwa. Mama yao alikuwa bustanini. Keltum angeweza kumkimbilia mama, lakini mama angeuliza mtoto amefuata nini huko chini, na jibu la swali hilo Keltum alikuwa nalo.

Mlangoni mwa mfereji alikuwa ameona ndara jozi mbili. Mchimbaji anapoingia hupanga ndara zake vidole vikitazama nje, kwa maana kwamba mwenyewe atatoka. Jozi ya kwanza ilikuwa ya Bajuda, mdogo wake wa miaka saba. Jozi ya pili ilikuwa ya baba yao, ambayo mama aliificha juu ya kabati baada ya matanga. Zote nne zilikuwa zimepangwa vizuri, vidole nje. Na nyumbani, kwenye msumari, jembe dogo la baba halikuwepo.

Baba yao, Salem, alikuwa mchimbaji. Mwaka uliotangulia, kabla ya mavuno ya tende, dari la mfereji lilimwangukia kati ya shimo la ishirini na la ishirini na moja. Watu walichimba siku sita. Kila walipotoa karai moja la mchanga, yaliteremka mawili. Siku ya saba imamu akasema inatosha. Wakamswalia wamesimama juu ya ardhi iliyomfunika, wakauziba upande ule kwa ukuta wa mawe na udongo, wakachimba mchepuko pembeni ili maji yapite. Maji hayangoji matanga. Bustani zilikuwa zinakauka.

Bajuda hakulia. Alikwenda kukaa kwenye chanuo la mawe, pale mfereji unapotokea juani na maji yakagawanywa, kila nyumba na fungu lake, akawa anatazama maji yakija. Hakula. Hakusema na mtu. Watu wakadhani amepumbaa kwa huzuni, lakini Keltum alijua anachongoja. Alikuwa anangoja ukuti.

Wachimbaji wa Tinuwalu hawapigi kelele huko chini. Wanasema sauti huangusha mchanga. Mtu akikaribia kumaliza kazi huchukua ukuti mwembamba wa mtende aliouchomeka kiunoni, akaufunga fundo moja, akauachia maji. Ukifika kwenye chanuo, mtoto wake huuokota na kukimbia nao nyumbani: mzee anatoka, wekeni chungu motoni. Na nyuma ya hilo kuna kanuni ambayo kila mtoto wa pale anaijua kabla hajaijua Alhamdu. Alasiri ikipita bila ukuti, mtu anaingia kumtafuta. Hapaulizwi nani. Anayejua kwanza ndiye anayeingia.

Siku ya kumi na moja Keltum alikwenda shimo la tatu, akafunga ukuti fundo moja, akautupa. Alikusudia mara moja tu, mtoto apate kula.

Bajuda aliingia nyumbani mbio, mkono unachuruzika maji. "Mama, weka chungu," akasema, na yakawa maneno yake ya kwanza tangu msiba. Mama aliutazama ule ukuti kwa muda mrefu. Kisha akaweka chungu. Mtoto akala bakuli mbili za kuskusi, akalala mdomo wazi.

Lakini uongo ukishazaliwa unataka kunyonya. Jioni ya pili mtoto akauliza kwa nini mwenye ukuti hajatokea.

"Wameziba njia," Keltum akamwambia. "Inabidi azunguke, apitie kule maji yanakoanzia. Ni mbali."

"Mbali kama Timimun?"

"Timimun ni hapo tu. Mbali kabisa."

Ikawa hivyo miezi minane. Kila siku ukuti, na kila jioni habari za safari. Walilala kwenye paa, wakifunikwa blanketi moja, wakiisuka pamoja; yeye akitangulia, mdogo wake akimkosoa.

"Leo amefika wapi?"

"Amefika kwa bibi anayelinda chemchemi. Bibi amesema hapiti mtu mpaka amsuke nywele."

"Baba hajui kusuka."

"Anajifunza."

"Na vidole vyake vile? Atamng'oa bibi wa watu nywele zote."

"Ndiyo maana anachelewa."

Bajuda alicheka mpaka akajikunja. Akasema bibi huyo aitwe Tamzulit, na Keltum akakubali, na tangu hapo Tamzulit akawa mtu wa nyumbani kama shangazi. Kulikuwa na samaki vipofu waliokuwa wakimwongoza baba kwa kumgonga vifundo vya miguu. Kulikuwa na soko la chini ambako chumvi inauzwa kwa ndoto. Usiku mwingine Keltum mwenyewe alishikwa na hamu ya kujua baba amefika wapi, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Mtoto naye akaanza kupeleka mkate. Kila asubuhi aliuweka ndani ya shimo la tatu, kwenye tundu la kukanyagia, ili mzee akipita chini aupate. Kila asubuhi mkate uliondoka.

Mama ndiye aliyemfumania. Alimkuta Keltum ameketi ukingoni mwa shimo, shavu limevimba kwa mkate.

"Hicho mkononi nini?"

"Ukuti, mama."

"Naona ni ukuti. Macho ninayo." Mama akaketi chini, pale pale kwenye udongo, na Keltum akaona kuwa hakukasirika, afadhali angekasirika. "Miezi minane najiuliza kuti hizi zinatoka wapi, na naogopa kuuliza. Na mimi mjinga nilikuwa naweka chungu."

"Mama, alikuwa hali."

"Najua alikuwa hali. Mimi si ndiye mama yake?" Akapangusa makombo kwenye kidevu cha binti yake, kwa nguvu kidogo. "Sasa basi. Hakuna ukuti mwingine. Na utamwambia mwenyewe, kabla wanaume hawajarudi kutoka ziara. Wewe ndiye uliyemfufua, wewe ndiye utakayemzika."

Keltum aliapa. Akatimiza nusu. Kuti akaziacha, kusema hakusema. Siku ya kwanza alijiambia kesho. Siku ya pili aliumwa na kichwa. Siku ya tatu, alasiri, Bajuda akaja jikoni akasimama mlangoni, mikono imekunjamana kwa kukaa majini.

"Ukuti haujaja."

"Labda maji yamepungua."

"Maji yako sawa. Nimeyapima kwa mkono."

"Basi labda amelala."

"Siku tatu?"

"Bajuda, nina unga mikononi, huoni? Wanaume hawapo. Wakirudi tutajua nani anaingia."

"Lakini mimi ndiye niliyejua kwanza," akasema, na Keltum aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani. Yalimwingia asubuhi, alipouona msumari mtupu.

Na sasa miguu ilikuwa inakwenda chini yake, na kila hatua ilikuwa inakaribia ukuta.

Alijua nini kitatokea. Ami Hammu, ndugu ya baba, ndiye aliyeujenga ule ukuta, naye alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba ule si ukuta, ni kizibo cha chupa. Mchanga wote uliomuua Salem umeuegemea kwa nyuma. Jembe la mtoto wa miaka saba lilitosha.

Kumwita hakukusaidia. Sauti ya dada ni ya kumrudisha nyumbani, na mtoto hakuwa na nia ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Kulikuwa na sauti moja tu ambayo angeitii, na Keltum alijua kuiandika. Akakimbia, ndara moja mguuni na moja mkononi, akalipita shimo la kumi na nane, la kumi na tisa, la ishirini, mpaka la ishirini na moja, ng'ambo ya ukuta, mahali ambapo maji yanaingia mchepuko. Uwanda wote ule wa jangwa haukuwa na mtende hata mmoja. Akafumua kikapu kidogo cha kuti alichokuwa amejifunga kiunoni, akachomoa ukuti, akaufunga fundo moja. Natoka. Weka chungu. Rudi nyumbani ukaweke chungu, mtoto wewe. Akauachia.

Akahesabu pumzi. Alipofika arubaini, sauti ikapanda kutoka chini, nyembamba, ya furaha isiyo na kifani.

"Baba. Nimeupata. Kaa hapo hapo, nakuja."

Na miguu ikaanza kukimbia.

Keltum alibaki amepiga magoti, mkono mdomoni. Mtu wa kwenye chanuo akipata ukuti hukimbilia nyumbani. Lakini aliye ndani ya mfereji, akiupata, anajua tu kwamba mwenzake yu karibu.

Kisha jembe. Tu. Tu. Tu.

Alirudi shimo la ishirini hajui amefikaje. Lilikuwa na kina cha watu watano, na vitundu vya kukanyagia vilichongwa huku na huku kwa miguu ya wanaume. Alijipanua, akashuka mgongo ukichunika, udongo ukimwingia machoni. Maji yalipomshika miguu yalikuwa ya baridi kiasi cha kumkata pumzi. Akainama, akaingia gizani kuelekea mlio.

Aliuona mwanga wa tochi kwanza, imeegemezwa juu ya jiwe. Halafu mgongo wa mtoto, umelowa, unapanda na kushuka. Ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa mkate, na pembeni ya tundu mchanga ulikuwa unashuka, mwembamba, bila haraka, kama unga kutoka kwenye chekecheke.

Bajuda akageuka. "Baba?"

Aligeuka kuelekea upande usiokuwa wa baba, lakini aliuliza hivyo.

"Ni mimi."

"Dada, njoo usaidie. Yuko nyuma ya hapa. Ameleta ukuti sasa hivi, tazama." Akauchomoa kwenye shati.

"Weka jembe chini."

"Tazama kwanza. Ni fundo lake."

"Fundo ni langu." Alisema polepole, kwa sababu ya mchanga. "Huo nimeutupa mimi sasa hivi, shimo la ishirini na moja. Na zote za nyuma ni zangu. Tangu ule wa kwanza."

Mtoto akamtazama. Kisha akaugeukia ukuta, akapiga. Jiwe likalegea, likaanguka majini, na uzi wa mchanga ukawa kamba.

"Mwongo."

"Ndiyo."

"Na Tamzulit?"

"Nilimtunga. Wewe ukampa jina."

"Mwongo. Na mkate je? Mkate nani alikula?"

"Mimi."

"Wote?"

"Ule wa Ijumaa nilimpa mbuzi. Ulikuwa mgumu."

Jembe likabaki juu. Mkate wa Ijumaa ulikuwa mgumu kweli. Bajuda aliusahau juani, akaona haya, akaupeleka hivyo hivyo bila kumwambia mtu. Hakuna aliyeweza kujua ila aliyeushika. Keltum aliona habari ile inavyomwingia, taratibu, kutoka kwenye uso kwenda kwenye mikono, mpaka jembe likateremka lenyewe. Hapo mtoto akamrukia, akampiga ngumi za tumbo na kifua, kimya kimya, kwa sababu hata katika hasira yake alikumbuka kwamba huku hapapigwi kelele. Keltum akamwacha ampige.

"Sasa yuko wapi?"

Keltum alitia kiganja kwenye mawe. "Hapa. Nyuma ya huu. Hajawahi kwenda popote."

"Ana njaa?"

"Hana njaa."

Juu yao kitu kikapumua. Changarawe zikawadondokea mabegani. Keltum akamshika mkono. "Tunatoka. Sasa."

"Ngoja."

"Bajuda."

"Ngoja, nimesema." Akajinasua, akauchukua ule ukuti wenye fundo moja, akauchomeka kwenye tundu alilolichimba, akausukuma kwa kidole mpaka mwisho wa kidole. "Ili ajue tumetoka," akasema. "Asije akaingia kututafuta."

Walikuwa wamekwenda kama hatua thelathini ukuta ulipoachia. Haukupasuka kwa kishindo. Ulishusha pumzi ndefu, na hewa ikawasukuma migongoni. Tochi ilibaki huko. Gizani Keltum alivua kilemba akajifunga kiunoni, akamfunga mtoto ncha ya pili. Maji yalijaa miguuni, mazito kama uji, na kwa muda hakujua mbele ni wapi.

"Fuata yanakokwenda," Bajuda akasema nyuma yake. "Maji hayapotei. Baba ndiye aliyesema, si wewe."

Waliyafuata. Pengine palikuwa pa kutambaa, na huko maji yaliwafika kidevuni. Chini ya kila shimo lililofunuliwa palianguka duara la mwanga. Wakasimama ndani yake wakapumua, kwa kuwa mtoto asingeweza kupanda vitundu vya wanaume, wakaingia tena gizani.

Mama alikuwa mlangoni mwa mfereji. Aliona maji mekundu kwenye chanuo, kisha akaona ndara. Walimkuta amekwisha pandisha nguo, maji magotini, mkono umeshika dari la mfereji, anaingia. Nyuma yake juani zilikuwa jozi tatu, vidole vyote nje.

Aliwashika vichwa, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule, kama anayepima uzito wa matikiti. Kisha akamuuliza binti yake, "Umemwambia?"

"Ameniambia," akasema Bajuda. "Na mkate alikula yeye."

Wanaume waliporudi palikuwa na maneno. Ami Hammu alisema msichana ameingia mferejini, na sasa tutasikia mengi. Mama akamwambia mwenye ukuta uliobomolewa na mtoto asiseme sana. Mchepuko ulisafishwa kwa siku nne, ukuta ukajengwa upya, mara hii mnene kuliko mlango wa msikiti. Bajuda hakuzungumza na dada yake mwezi mzima, isipokuwa jioni moja juu ya paa, alipouliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama Tamzulit alipata wa kumsuka.

"Sijui," Keltum akasema. "Unaonaje?"

Akafikiri. "Asuke mwenyewe. Ana mikono."

Keltum wa leo ana miaka ishirini na mbili, na kovu mgongoni ambalo haonyeshi. Kabla hajaondoka ndiye aliyekuwa akisomea watu barua za ofisini na kuwaandikia majibu, ndiye aliyekuwa akiitwa mtoto akigoma kula. Asubuhi aliyoondoka kwenda Wahran kusomea uuguzi, Bajuda alimbebea begi mpaka kwenye basi. Alikuwa amevaa ndara za baba. Zilikuwa zinamtosha tangu majira ya baridi.

"Nikifika El-Menia nitapiga simu," Keltum akasema.

"Kabla ya alasiri."

"Na basi likiharibika?"

"Kabla ya alasiri, dada."

"Utafanya nini, utaingia El-Menia yote?"

"Nitaingia."

Hakucheka. Keltum alitaka kucheka, akaacha, akamgusa sikio kwa vidole viwili, akapanda. Basi likazungusha vumbi, likashika njia ya kaskazini, na sisi tuliobaki tukarudi kwenye birika la chai lililokuwa linatungoja kivulini mwa duka. Bajuda hakuja. Alichutama pale pale lilipokuwa basi, simu kiganjani, anaitazama kama mtu anayetazama maji.

"We Bajuda," mmoja akamwita, "unangoja nini? Basi halirudi kinyumenyume."

"Bado alasiri," akasema, na hakunyanyua macho.